Kuisimamia kompyuta ya zamani ya Windows kutoka mbali bila kuianika mtandaoni

Kompyuta ya Windows XP au Windows 7 ikiwa bado iko kazini, huwa kuna kinachoishikilia. Imeungwa na mizani, na mashine ya kukata mbao au na kipimo cha maabara ambacho draiva yake haikuandikwa kwa Windows mpya. Au ina programu ya hesabu ambayo aliyeitengeneza hapatikani tena. Haiwezi kuondolewa leo, na kuifuata ilipo kila inapokwama ni adha. Hapa tunaeleza namna ya kuiendesha kutoka kompyuta nyingine kwa TightVNC, programu ya bure ya kuonyesha na kuendesha skrini ya kompyuta nyingine kwa mtindo uitwao VNC, na, pale inapofaa, kwa Remote Desktop ya Windows yenyewe.

Kusakinisha ni kazi ndogo. Kazi kubwa ni kuhakikisha kwamba kompyuta moja tu ndiyo inayoweza kuibishia hodi hii ya zamani. Microsoft iliacha kuitolea XP masasisho tarehe 8 Aprili 2014, Vista 11 Aprili 2017, na Windows 7 14 Januari 2020. Mei 2019 likatangazwa pengo linaloitwa BlueKeep, nambari CVE-2019-0708, ndani ya Remote Desktop yenyewe: mshambuliaji aliweza kuingia bila nenosiri lolote. Lilikuwa zito kiasi kwamba Microsoft ilitoa kiraka hata cha XP, miaka mitano baada ya kuizika. Kwa hiyo ruta isifunguliwe poti (mlango wa mtandao wenye namba) 3389 ya Remote Desktop wala 5900 ya VNC kuelekea kompyuta ya namna hii, hata kwa siku moja ya majaribio. Roboti zinazopekua poti hizo mtandaoni hazipumziki.

Na ruhusa iwepo. Mwenye kompyuta na anayeketi mbele yake wajue kwamba kuna mtu anaweza kuiona skrini yao.

Jua kwanza ulichonacho

Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika `winver`, kisha Enter. XP iwe na Service Pack 3, Windows 7 iwe na Service Pack 1. Pungufu ya hapo, sakinisha hiyo kwanza, maana programu nyingi na viraka vya mwisho hukataa bila hizo.

Kisha bonyeza kitufe cha Windows pamoja na Pause uone aina ya toleo. XP Professional na Windows 7 za Professional, Ultimate na Enterprise zinaweza kupokea wageni wa Remote Desktop. XP Home, na Windows 7 za Starter, Home Basic na Home Premium, haziwezi. Huko mtandaoni kuna faili za kubadilisha `termsrv.dll` zinazodai kuyalazimisha matoleo ya Home yakubali. Achana nazo. Unaingiza faili ya mfumo iliyochokonolewa na mtu usiyemjua, kwenye kompyuta ambayo tayari haina kinga.

Hata ukiwa na toleo linalofaa, Remote Desktop si jibu kila mara. Ina kasi na hutumia intaneti kidogo, lakini ukiingia inamfungia skrini aliyeko pale. Pia hubadilisha ukubwa wa skrini, na programu kadhaa za kuendesha mitambo huchanganyikiwa au hukataa kabisa kufunguka ndani yake. VNC inaonyesha skrini ileile anayoiona aliyeketi pale, nyote mnashika kipanya kimoja. Kwa kompyuta iliyoungwa na mtambo, anza na VNC.

TightVNC ya namba 2 hufanya kazi kuanzia XP. Windows 98 na NT 4 zinahitaji 1.3.10. Toleo jipya likigoma kwenye XP, tafuta toleo la 2 la nyuma kidogo kwenye tovuti ya TightVNC wenyewe, si kwenye tovuti za kupakulia programu za kila aina.

Maandalizi yasiyorukwa

Diski ya kompyuta hii huenda ina umri wa miaka 10 au 15. Nakili diski nzima kabla ya kugusa kitu, kwa Clonezilla au programu nyingine ya kunakili diski. Kunakili folda hakutoshi, kwa sababu programu yenyewe na leseni yake ndizo zisizopatikana tena.

Tazama saa. Ikiwa kompyuta inaamka na tarehe ya miaka ya nyuma, betri ya duara ya CR2032 kwenye ubao mama imekwisha. Ibadilishe sasa, maana ikifa inafuta pia mipangilio ya BIOS (ile ya kuwashia kompyuta) tutakayoihitaji baadaye.

Akaunti ya Windows iwe na nenosiri. XP na 7 kwa kawaida hukataa akaunti isiyo na nenosiri kuingia kupitia mtandao, na ujumbe unaotolewa humfanya mtu ahangaike na mambo mengine kabisa.

Izuie kulala. Kwenye Windows 7, fungua Command Prompt kama msimamizi uandike:

`powercfg -change -standby-timeout-ac 0`
`powercfg -h off`

Kwenye XP nenda Control Panel, Power Options, na kila kipengele isipokuwa cha skrini kiwe "Never". Kisha fungua Device Manager, kadi ya mtandao, kichupo cha "Power Management", uondoe tiki kwenye kuruhusu kompyuta izime kifaa hicho. Wengi huisahau kadi, halafu wanashangaa kompyuta inapotea mtandaoni usiku na kurudi asubuhi mtu akigusa kibodi.

Usipakulie chochote kwenye kompyuta ya zamani. Internet Explorer ya XP haijui TLS 1.2, kinga ya mawasiliano ambayo tovuti nyingi za leo huidai, kwa hiyo tovuti nyingi hazitafunguka, na zinazofunguka si za kuaminiwa. Pakua kwenye kompyuta mpya. Bofya faili kwa kitufe cha kulia, Properties, "Digital Signatures", uhakikishe saini ni sahihi, kisha ibebe kwa flashi. Chagua kisakinishi cha biti 32 kama mfumo ni wa biti 32, na XP karibu zote ni za hivyo.

Anwani isiyobadilika, isiyotoka nje

Katika mfano wetu kompyuta ya zamani ni 192.168.1.20, na kompyuta mpya inayoruhusiwa kuifikia ni 192.168.1.10. Tuiite hii ya pili lango, tusiichanganye na "Default gateway" ya Windows, ambayo ni anwani ya ruta. Zote mbili ziko kwenye mtandao mmoja wa ndani.

Andika `ncpa.cpl` pale kwenye Run (Windows pamoja na R), fungua kadi ya mtandao, kisha TCP/IP. Weka anwani 192.168.1.20 na "Subnet mask" 255.255.255.0. Sehemu ya "Default gateway" na ya DNS ziache tupu. Hapo kompyuta inaongea na majirani wa mtandao wa ndani tu, na haina njia ya kwenda intaneti. Hatua hii ndogo inapunguza hatari kuliko programu yoyote ya kuzuia virusi ambayo bado inakubali XP. Chagua anwani iliyo nje ya zile ambazo ruta inagawa yenyewe, la sivyo siku moja simu ya mtu itapewa 192.168.1.20 na zote mbili zitakatika.

Hasara zake: saa haitajirekebisha kutoka mtandaoni, na programu inayohitaji kuuliza leseni kwenye seva ya nje itagoma. Kama programu yako ni ya namna hiyo, weka "Default gateway" na uzuie mengine kwenye ruta.

Windows 7 ikikosa "Default gateway" huuita mtandao "Unidentified network" na kuutia kwenye kundi la Public. Kanuni za ukuta wa kinga (Windows Firewall) ulizoziweka kwa kundi la Home au Work hazitafanya kazi hapo. Ndiyo maana hapa chini tunatumia amri, ambayo inayashika makundi yote.

Kusakinisha TightVNC

1. Ingia kwa akaunti ya msimamizi, fungua kisakinishi, chagua "Custom". Ondoa "TightVNC Viewer", bakiza "TightVNC Server". Kompyuta hii inatazamwa, haina haja ya kutazama wengine.

2. Acha tiki kwenye "Register TightVNC Server as a system service". Bila hiyo, programu inaamka tu mtu akishaingia kwenye akaunti yake, na kompyuta ikijizima na kuwaka hutaipata tena.

3. Acha tiki kwenye kipengele cha kuruhusu huduma ziige Ctrl+Alt+Del. Ondoa tiki kwenye cha kuongeza ruhusa ndani ya Windows Firewall, kwa sababu kinafungua mlango kwa yeyote aliye kwenye mtandao. Sisi tutaufungua kwa anwani moja.

4. Weka nenosiri la kuingilia na nenosiri la mipangilio, yawe tofauti. VNC husoma herufi 8 za mwanzo tu. Ukiandika herufi 20, 12 za mwisho ni mapambo. Tena baada ya nenosiri kukubaliwa, picha ya skrini na vitufe unavyobonyeza husafiri bila kusimbwa, yaani bila kufichwa kwa msimbo. Nenosiri hili ni kitasa cha mlango wa chumbani. Ukuta tunaujenga kwingine.

5. Usakinishaji ukiisha, bofya mara mbili alama ya TightVNC kando ya saa. Zima huduma ya Java Viewer, inayotumia poti 5800. Washa kuficha picha ya mandhari. Alama ya kando ya saa usiifiche, ndiyo inayomjulisha aliyeketi pale kwamba anatazamwa: hubadilika rangi mtu akiunganishwa.

6. Kwenye kichupo cha "Access Control" ongeza kanuni mbili kwa mpangilio huu: ya kwanza kutoka 192.168.1.10 hadi 192.168.1.10, "Allow", ya pili kutoka 0.0.0.0 hadi 255.255.255.255, "Deny". Kanuni husomwa kutoka juu, na inayolingana kwanza ndiyo inayoamua. Ukizigeuza, hata wewe utafungiwa nje.

Sasa ukuta wa kinga. Kwenye XP, mstari mmoja:

`netsh firewall add portopening protocol=TCP port=5900 name=VNC mode=ENABLE scope=CUSTOM addresses=192.168.1.10`

Kwenye Windows 7, ndani ya Command Prompt ya msimamizi:

`netsh advfirewall firewall add rule name="VNC lango" dir=in action=allow protocol=TCP localport=5900 remoteip=192.168.1.10`

Kizuizi kimewekwa mara mbili, ndani ya TightVNC na nje yake, kwa makusudi. Mtu akija kuzima ukuta wa kinga ili printa ifanye kazi, na atakuja, kile cha kwanza kitabaki.

Jaribu. Kwenye kompyuta ya zamani andika `netstat -an | find "5900"`. Unatafuta mstari wenye neno LISTENING. Kisha kwenye lango fungua PowerShell:

`Test-NetConnection 192.168.1.20 -Port 5900`

Ikijibu `TcpTestSucceeded : True`, fungua TightVNC Viewer na uunganishe. Halafu jaribu kutoka kompyuta ya tatu. Hiyo inapaswa kukataliwa, na isipokataliwa, kazi haijaisha.

Kuingia ukiwa nje ya jengo

Hapa ndipo lango linapolipa gharama yake. Lango linaweza kuwa kompyuta ya Windows inayopokea masasisho, au kikompyuta kidogo cha Linux kisichozimwa. Juu yake weka seva ya OpenSSH, programu inayopokea miunganisho iliyosimbwa. Windows 10 kuanzia toleo la 1809 inayo miongoni mwa vipengele vya hiari. Tengeneza ufunguo kwa `ssh-keygen`, weka ule wa hadharani kwenye lango, uone kwamba unaingia nao, ndipo uandike `PasswordAuthentication no` kwenye `sshd_config` na kuiwasha huduma upya. Fuata mpangilio huo, ukienda kinyume unajifungia nje mwenyewe.

Ukiwa mbali andika:

`ssh -L 5901:192.168.1.20:5900 jina@anwani-ya-lango`

Acha dirisha hilo wazi. Kwenye TightVNC Viewer ya kompyuta yako andika `localhost::5901`, nukta pacha mbili, kwa maana unataja poti. Kila kitu kati yako na lango sasa kimesimbwa. Kipande kisichosimbwa ni kile kifupi kati ya lango na kompyuta ya zamani. Ukiweza, hicho nacho kipite kwenye waya wake wenyewe, si kwenye Wi-Fi ya ofisi nzima.

Kompyuta ya zamani inaona mgeni mmoja tu, 192.168.1.10, hata wewe ukiwa bara jingine. Ndiyo maana kanuni zile mbili hazibadiliki. Kama mna VPN (njia iliyosimbwa ya kuingia mtandao wa ndani) inayoishia kwenye ruta, itumieni ili mfike kwenye lango. Isiwapeleke moja kwa moja kwenye XP.

Ukichagua Remote Desktop

Andika `sysdm.cpl`, kichupo cha "Remote", ruhusu miunganisho. Wasimamizi wanaruhusiwa wenyewe, wengine waongeze kwenye orodha ya watumiaji. Kwenye Windows 7 chagua kile kipengele kinachodai Network Level Authentication, yaani nenosiri kuthibitishwa kabla kikao hakijafunguka. XP haina uwezo huo ikiwa mwenyeji. Kiraka cha BlueKeep ni sharti: KB4500331 kwa XP, KB4499175 kwa Windows 7 SP1. Ukuta wa kinga na njia ya SSH ni vilevile, ila poti iwe 3389. Ukiwa ndani, Ctrl+Alt+Del ni Ctrl+Alt+End, na kuwasha upya ni `shutdown -r -t 0`. Angalia mara mbili kwamba umeandika `-r` na si `-s`. Kompyuta iliyozimika kabisa haiamki kwa kubembelezwa.

Yanayoharibika, na kwa nini

Muunganisho unakataliwa papo hapo: kompyuta imefikika, ila huduma haiko hewani au poti siyo. Endesha `net start tvnserver`. Muunganisho unasubiri weee kisha unakata: ni ukuta wa kinga, anwani isiyo sahihi, au kompyuta imelala.

Viewer inasema "Server is not configured properly": nenosiri la kuingilia halikuwekwa.

Kwenye Windows 7 skrini inaganda kila inapotokea ile ya kuuliza ruhusa ya msimamizi. TightVNC imewashwa kama programu ya kawaida badala ya huduma, na programu ya kawaida hairuhusiwi kuiona skrini hiyo. Izime, iwashe kama huduma.

Skrini ni nyeusi au imefungwa baada ya mtu kutumia Remote Desktop. Kikao hakijarudi kwenye skrini halisi. Ndani ya Remote Desktop hiyohiyo andika `qwinsta`, soma namba ya kikao chako, kisha `tscon 1 /dest:console` ukiweka namba yako badala ya 1. Kumbuka kwamba skrini ya huko inabaki wazi, kwa yeyote aliye karibu nayo.

Picha inajikokota. Kwenye Windows 7 zima Aero (madoido ya madirisha) kwa kuchagua mandhari ya "Windows Classic". Kwenye XP na 7 draiva ya DFMirage, ambayo TightVNC inaitambua yenyewe, hupunguza sana mzigo wa kichakataji. Upande wa Viewer chagua "Tight" kuwa namna ya kubana picha na ushushe ubora wa JPEG. Maandishi yakianza kuwa na ukungu umepitiliza.

Kompyuta isiyo na skrini inaonyesha picha ndogo mno: kadi ya picha haikuona skrini ilipowaka. Plagi ya kuigiza skrini huimaliza shida hiyo.

Programu ya kuzuia virusi imeifuta TightVNC. Nyingi huziweka programu za aina hii kwenye kundi la kutiliwa shaka. Ruhusu faili ya `tvnserver.exe` peke yake. Ukiiruhusu folda nzima ya Program Files umewafungulia na wengine.

Umeme ukikatika na kurudi, kompyuta haiwaki. Ingia BIOS, tafuta kipengele cha hali baada ya umeme kukatika, mara nyingi "Restore on AC Power Loss", weka "Power On". Ikijirudisha tena kwenye hali ya zamani, ni ile CR2032.

TightVNC haipatikani kwenye Safe Mode with Networking. Windows huwasha huko huduma zilizoorodheshwa tu. Iongeze mapema, kabla ya siku ya shida:

`reg add "HKLM\SYSTEM\CurrentControlSet\Control\SafeBoot\Network\tvnserver" /ve /d Service`

Na kama kompyuta inahitaji kuguswa mara chache tu kwa mwaka, huduma isikae macho bure. Andika `sc config tvnserver start= demand`, na nafasi baada ya alama ya sawasawa ni lazima, kisha `net stop tvnserver`. Siku ya kazi, aliyeko pale anaandika `net start tvnserver` kwa akaunti ya msimamizi, unaingia, na ukimaliza anaizima.